Theluthi ya tatu siyo yako

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Dar anayeishi Houston kanifuata huku Florida, kaendesha usiku kucha na mitungi pacha ya kupumulia nyuma ya gari, anataka tupige mbizi wote kwenye pango lililojaa maji. Ana cheti cha mapango, ana kila kitu. Kabla hajashusha hata mzigo nikamuuliza plani yake ya gesi ikoje, akanijibu haraka haraka, "Theluthi tu kaka, moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja akiba." Nikamuuliza akiba ya nani? Akanishangaa. "Si yangu."

Basi hapo ndo nikasema hii lazima niiandike, maana jibu hilohilo nimeshalisikia kwa Wamarekani, kwa Wajerumani, kwa mainstrakta wa baharini waliodaivu kuliko mimi, na sasa naletewa mpaka mlangoni kwa Kiswahili. Nimechoka. Theluthi ya tatu siyo yako, ni ya mwenzako. Umeibeba kwa ajili yake ile siku mtungi wake utakapokufa mkiwa mwisho kabisa wa safari, na yeye kabeba ya kwako. Ukiihesabu kuwa ni yako maana yake umeingia pangoni na mtu usiye na mpango wowote wa kumtoa.

Mengine sitakaa nayo sana. Kamba ya kukuonyesha njia ya kurudia inaanza nje kwenye maji yenye mwanga na haikatiki mpaka mnapogeukia, tochi tatu kila mtu, kina usichokisomea huendi, na kama huna mafunzo ya mapango huingii hata kama bahari umeimaliza yote. Mambo hayo Sheck Exley, daiva wa mapango wa hapa Florida, alishayaweka wazi tangu miaka ya 1970 baada ya kukaa akichambua ajali za wenzake moja moja, na kwenye mapango mengi ya huku kuna kibao kabisa chenye picha ya kifo kimeshika mundu kinakwambia ishia hapo. Na wanaonitumia meseji kwamba maji yasiyo na chumvi ni rahisi kwa sababu hayana mawimbi wala papa, jamani, baharini ukipata shida unapanda juu. Pangoni juu yako kuna mwamba wa chokaa, na mlango uko nyuma yako dakika ishirini na tatu.

Hiyo ishirini na tatu sijaiokota, tuipigie hesabu. Mitungi pacha ya lita 12 ni lita 24, ukijaza mpaka presha ya bari 210 una lita 5,040 za gesi. Theluthi ni 1,680. Mtu aliyetulia anatumia tuseme lita 18 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 30 presha ni mara nne kwa hiyo anakula lita 72. Gawa 1,680 kwa 72 unapata dakika 23 na kidogo, hapo unageuka. Sasa mwenzako geji yake imelala sifuri sekunde ileile mnayogeuka. Wewe umebaki na theluthi mbili, lita 3,360, mnapumua wawili, lita 144 kwa dakika. 3,360 kwa 144 ni dakika 23 na kidogo. Umeona? Ni ileile! Mtafika mlangoni na mitungi mitupu, yaani pumzi ya mwisho mnaivutia kwenye mwanga, na hapo nimewahesabia kama vile wote mmetulia kama mko kitandani na mnatoka kwa kasi ileile mliyoingilia.

Haya nani anatulia? Mtu aliyevuta regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia, ikagoma, akaja kwako macho yamemtoka, ukampa hozi ndefu apumue kwenye mitungi yako, halafu mnapita sehemu nyembamba mmoja mmoja huku mmeshikana, huyo unamhesabia lita 18? Weka mara mbili tu, lita 36 kila mmoja, wote wawili kwenye mita 30 ni lita 288 kwa dakika. Zile 3,360 zinaisha baada ya dakika 11 na nusu hivi, nusu ya njia. Na mlifuata sheria vizuri kabisa, na kwenye ripoti watashangaa mbona hawa walifuata theluthi.

Sasa mtaniuliza kwa nini basi theluthi imeokoa watu miaka yote hiyo. Kwa sababu ya maji yanayotembea, na hapa ndo naomba msome taratibu. Pale Ginnie Springs, ukiingilia Devil's Ear, maji yanasukuma kutoka ndani kwenda mto Santa Fe kwa nguvu kiasi kwamba ukitegemea mapezi peke yake utachoka hata hujafika popote, unaingia kwa kujivuta na mikono kwenye miamba. Dakika 23 za kuingia, ukigeuka maji yanakubeba, unatoka kwa nusu ya muda au pungufu. Huo mkondo ndo ulikuwa akiba yako ya kweli. Theluthi kwenye chemchemi yenye nguvu ina nafasi kubwa kwa sababu mto wa ndani unakusaidia, ila kwenye kitabu cha mazoezi unaona namba tu, mkondo huuoni.

Peleka sheria hiyohiyo Peacock Springs. Pale maji karibu yamesimama, chini kuna tope laini kama unga, piga teke moja baya na huoni kiganja chako. Hakuna wa kukusukuma. Na mto Suwannee ukifurika, chemchemi za kando yake zinaweza kugeuka zikaanza kumeza maji badala ya kutoa, kwa hiyo pango lililokutoa mwezi jana leo linakuvuta ndani, unaingia kirahisi unajisifu jinsi ulivyo fiti halafu kutoka ndo unapanda mlima. Kwenye maji yaliyosimama mimi natumia sudusi, yaani moja ya sita, nikishatumia bari 35 nageuka. Fanya hesabu ileile: bari 175 zilizobaki ni lita 4,200, watu wawili waliopaniki lita 288, ni dakika 14 na nusu, wakati kuingia ilikuchukua 11 na nusu na kidogo. Unazo dakika tatu za kupotezea kwenye tope. Tatu! Na hiyo watu wanaiita woga. Pango linalomeza mimi siingii kabisa, sina hesabu yake.

Nilivyoamini hilo siyo kwa kusoma. Miaka ya nyuma tuko wawili kwenye pango lisilo na mkondo, mita 20, tumeingia dakika tisa tu, geji yangu imeshuka bari 20. Wakati wa kugeuka kisigino kikagusa ukingo wa udongo, mmoja wetu, hata leo hatujui ni nani, na dunia ikafutika. Tochi imewaka lakini unaona maziwa tu. Tukashika kamba, mwenzangu kanishika mkono wa juu, tukawa tunasogea kwa kubana na kuachia kama tulivyofundishwa, na sehemu moja kamba ilikuwa imeingia kwenye ufa mtu hapiti, ikabidi nipapase nitafute tumepita wapi wakati wa kuingia. Njia ya dakika tisa ilitula dakika ishirini. Nje nikaangalia geji: kutoka nimetumia bari 112. Njia ileile niliyoingilia kwa bari 20, na hakuna aliyeishiwa gesi, hakuna aliyepumua kwa mwenzake. Kama siku ile ningekuwa nimesukuma mpaka theluthi yangu kamili, bari 70, kwa uwiano uleule ningehitaji bari karibu 390 kutoka, mtungi wa namna hiyo sikuwa nao.

Na hapa niseme kitu ambacho darasani huwa tunakipitisha haraka. Hiyo "mara mbili" tunayoihesabia ya paniki, ni namba tuliyokubaliana tu. Nikipiga hesabu ya siku ile mimi peke yangu nilipumua kama lita 45, mara mbili na nusu, na sikuwa nimepaniki, nilikuwa naogopa tu. Huwezi kumtisha mwanafunzi kweli kweli ili umpime. Kwa hiyo kila nikimwandikia mtu plani huwa najua kuna sehemu nimeweka imani badala ya kipimo, na ndo maana navuta upande wa kugeuka mapema, siyo kwa sababu nina ushahidi wa namba bora.

Kingine kinachonikera ni kuhesabu bari badala ya lita. Mimi nina mitungi ya lita 24 kwa jumla, mwenzangu mwembamba anapumua kidogo kaja na ya lita 17, wote bari 210, wote tunasema theluthi ni bari 70. Theluthi yangu ni lita 1,680, ya kwake ni 1,190. Akiba aliyonibebea yeye haifiki hata karibu ya ninachohitaji kutoka! Inabidi mimi nigeuke nikishatumia kile ambacho yeye anaweza kunirudishia, lita 1,190, ambazo kwenye mitungi yangu ni kama bari 49, nashusha ziwe 45, nageuka kwenye 165. Mwenye mtungi mdogo ndo anapanga safari ya mkubwa. Nimeona watu wanabishana hapa kana kwamba ni suala la heshima.

Halafu kina, maana huyu kijana alishaanza kuniuliza habari za Wakulla, pango la huku lenye kina kirefu. Sikiliza mdogo wangu. Mita 90 ni presha mara kumi, lita zako 18 zinakuwa 180, ile theluthi ya dakika 23 inakuwa dakika tisa. Hewa ya kawaida huko oksijeni yake inakuwa sumu, unapata degedege, regulata inakutoka mdomoni, umeisha, kwa hiyo unaenda na trimiksi, mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni, yenye oksijeni asilimia 12 hivi, ambayo ukiipumua juu ya maji unaweza kuzimia, kwa hiyo unahitaji gesi nyingine ya kushukia, na nyingine za kupandia, na oksijeni tupu ya kwenye mita 6. Ukitoka mdomoni mwa pango hujafika bado, kuna masaa ya kusimama dikompresheni, yaani kupanda kwa vituo ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu, na hiyo nayo ni dari, haionekani tu. Mitungi ya dikompresheni nayo inapangiwa: mmoja ukigoma, mnatoka na nini? Theluthi haijibu swali hilo kabisa.

Na hapo sijagusa kupumua kwenyewe. Kwenye kina kile gesi inakuwa nzito, ukifanya kazi kidogo tu kaboni dayoksaidi inajaa mwilini na inakufanya uhemee zaidi. Kule Boesmansgat, pango la maji la Afrika Kusini, Januari 2005, Dave Shaw alishuka karibu mita 270 kwenda kuutoa mwili wa daiva aliyefia humo miaka kumi kabla. Rubani, mtu makini, alitumia ribriza, mashine inayosafisha pumzi uliyotoa ili uivute tena, wala siyo mitungi kama yetu, gesi haikumwishia. Kamera ya kichwani ilirekodi pumzi zake zinavyozidi kwenda mbio wakati anahangaika na kazi ile, naye akafia hukohuko. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kihesabu chako cha lita 18 kimeandikwa siku uliyokuwa huna kazi.

Basi Ginnie hatukwenda. Jumapili asubuhi nilimpeleka Peacock, nikamwachia kalamu na ubao aandike mwenyewe, akaandika mara tatu mpaka ikakaa: lita siyo bari, sudusi, kugeuka 175. Tuliingia taratibu, kwenye dakika ya kumi na tano akanionyesha geji, kidole gumba juu, yaani tutoke, tukageuka. Nje alikuwa na bari 140, akaitazama muda mrefu, akaniuliza sasa gesi yote hii tunaifanyia nini kaka. Nikamwambia hiyo leo ilikuwa yangu.