Tyuna ni kijani, gita bado linalia vibaya

Naandika hili ili nikiletewa tena ujumbe ule ule wa sauti nijibu kwa linki tu. "Fundi, nimetyuni kwa simu, nyuzi zote sita kijani, lakini kodi ya E (noti zake zikipigwa pamoja) haikai. Gita ni bovu?" Wengi ni wapiga gita wa kwaya hapa Dodoma, na wameshashauriwa wanunue jingine.

Tyuna, yaani hiyo programu ya simu inayopima sauti, imepima uzi mtupu, usiokandamizwa. Wewe unapopiga unakandamiza, na kukandamiza ni kuuvuta uzi, kwa hiyo sauti inapanda. Uzi ukiwa juu mno kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha gita, inapanda zaidi, hasa freti (vyuma vilivyolala shingoni) ya kwanza na ya pili. Magita mengi ya bei nafuu hutoka dukani hivyo. Kandamiza uzi freti ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza: uwazi uwe wa karatasi tu. Ukiona inapenya kadi ya benki, umeshaupata ugonjwa. Mfereji wa nati huchongwa kidogo kidogo. Ukizidisha, uzi unakwaruza freti na nati ni ya kutupa.

Freti ya 12 mnaijua: noti ikiwa juu kuliko harmoniki yake (sauti inayotoka ukigusa tu uzi hapo bila kukandamiza), sadeli, kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa mwili, irudi nyuma. Nyuzi zilizochoka badilisha kwanza, tusibishane.

Sasa hiyo E. Uzi wa tatu, freti ya kwanza, ni G shapu. Jamaa anaisikia imepanda, analegeza uzi mpaka E inatulia. Akihamia kodi ya G, uzi ule ule unapigwa mtupu, umeshuka. Anakaza. E inaharibika. Ibada nzima mkono uko kwenye funguo, mchungaji anamtazama!

Na sikio lake halidanganyi. Freti zinagawa oktavu mafungu 12 sawa, kila fungu senti 100 (senti ni kipimo cha sauti), kwa hiyo E hadi G shapu ni senti 400. Ile ya asili, inayotoka kwenye harmoniki ya 5 (uzi ukitetema kwa mafungu matano), ni kama 386. Senti 14 zimo ndani ya ubao, hata nati ingechongwa na malaika. E hadi B inapungukiwa senti 2 tu, haisumbui mtu, ila ninyi mnaotyuni kwa harmoniki za freti ya 5 na ya 7 mnazirundika uzi hadi uzi.

Ilimba ya Kigogo, ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hufuata harmoniki za asili. Nashuku aliyekulia nyimbo za Kigogo huzinasa hizo senti 14 upesi kuliko wengine. Ni hisia ya kazini tu, msininukuu.

Ukirekodi wimbo ulio E mwanzo mwisho, legeza uzi wa tatu senti chache. Ndiyo, nimetoka kuwasema wanaofanya hivyo, na mimi nafanya. Kwenye wimbo unaohama kodi sithubutu. Na tafadhali punguzeni nguvu za vidole, mnakandamiza kama mnaua siafu.