Chai ya maziwa yenye tunda: kwa nini hukatika, na namna ya kuipika isikatike

Sikukuu Pili moja, nyumbani kwetu Wete, nilimimina maji ya pesheni ndani ya birika la chai ya maziwa lililokuwa bado linafuka. Pale pale maziwa yakakatika: mabonge meupe juu, maji ya kahawia chini, na wageni wako ukumbini wanasubiri. Bibi akaja jikoni, akafunua birika, akanambia, "Maziwa hayataki ukali, mjukuu wangu. Ungeniuliza."

Baadaye nilisomea usindikaji wa vyakula, nikafanya kazi ya vinywaji katika hoteli moja kaskazini ya Unguja, na sasa nafundisha mapishi nyumbani kwangu mjini. Maneno yale ya bibi ndiyo somo la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu, kwa sababu swali wanalokuja nalo ni lile lile. Wameonja chai za baridi za maziwa zenye ladha ya embe au nanasi, zile zinazonywewa kwa mrija mnene, wakaenda kujaribu nyumbani kwa matunda ya kweli, na maziwa yakawakatikia.

Nyingi ya zile za kununua hazikatiki kwa kuwa hazina tunda. Ladha yake ni unga au shira ya kiwandani, na badala ya maziwa hutiwa unga wa krimu uliotengenezwa makusudi ustahimili asidi na moto. Sisi tunaoishi kwenye visiwa ambako msimu wa embe ukifika matunda yanaoza chini ya miti hatuna sababu ya kununua ladha ya embe kwenye pakiti. Lakini ukitaka tunda la kweli, lazima ujue tabia ya maziwa.

Maziwa ya ng'ombe yana protini iitwayo kaseini. Imo kwa vijibonge vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kimebeba chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana na kuelea mbalimbali. Ndiyo maana maziwa yanabaki laini na meupe. Maziwa mabichi yana pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali umezidi) ya 6.6 au 6.7 hivi. Ukitia asidi, chaji ile inapungua, na pH ikishuka kufikia 4.6 vijibonge vinaacha kusukumana, vinashikana, vinakuwa mabonge. Moto unaharakisha mambo: maziwa ya moto hukatika hata kabla ya kufika hapo. Ndimu ina pH ya 2 na kitu, pesheni 3 hivi, nanasi baina ya 3 na 4. Embe iliyoiva vizuri iko 4 au zaidi kidogo. Ndizi mbivu na fenesi ziko karibu na 5, na chai yenyewe iko huko huko. Kwa hiyo usishangae kuona chai ya fenesi inatulia na chai ya pesheni inavurugika, hata kama umezipika kwa mkono mmoja.

Anayeanza namwambia aanze na fenesi. Chagua tunda linalonukia kabla halijapasuliwa, toa kokwa, chukua nyama kama kikombe kimoja, ichemshe katika nusu lita ya maziwa kwa moto mdogo kwa dakika kumi, kisha funika iache mpaka ipoe. Chuja. Harufu yote imeshaingia kwenye maziwa, na hukuhitaji kusaga kitu. Topetope nalo ni pole, ila usilipike: lichuje kwa mkono utoe mbegu na ulitie likiwa baridi. Duriani kwa kipimo cha asidi halina tatizo lolote na maziwa, na mimi nalipenda sana, lakini uliza kwanza nani atakunywa, maana wengine hawakai nalo chumba kimoja.

Embe ndiyo inayoulizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Natumia boribo nikiipata, kwa sababu ina nyama nyingi na nyuzi chache. Dodo nzuri pia ikiwa imeiva mpaka kwenye kokwa. Sindano ni tamu lakini itabidi uchuje. Embe iliyo kijani ndani iache kwa achari, haifai hapa hata kidogo. Chukua nyama gramu 400, ambayo ni embe mbili za wastani, isage, itie sufuriani na sukari gramu 120, punje tatu za hiliki zilizopondwa na chembe ya chumvi. Pika kwa moto mdogo, koroga usiache, dakika kumi mpaka kumi na mbili, mpaka rojo lishike mwiko. Wengi wakifika hapa mkono unaenda kwenye ndimu, kwa mazoea ya juisi. Usitie. Kupika hakuondoi asidi ya embe. Kunapunguza maji yake, ili vijiko vitatu tu vitoshe kuipa gilasi nzima ladha, na asidi inayoingia kwenye maziwa iwe kidogo.

Kuna wanaotia magadi kidogo ili kuua ukali. Maziwa kweli hayatakatika, lakini chai inakuwa nyeusi, na ladha ya embe inageuka kama ya sabuni. Sikushauri.

Sasa chai. Majani yetu yanatoka bara, milima ya Usambara, Mufindi na Rungwe, na yale ya punje ndogo ndogo yanatoa rangi na nguvu haraka. Kwa gilasi mbili chemsha maji mililita 300, zima moto, tia vijiko vitatu vya chai vya majani, funika dakika tano, chuja. Usiyakamue majani kwenye chujio, na usiyachemshe muda mrefu kama tunavyofanya kwa chai ya asubuhi. Ukiyakamua na kuyachemsha sana unatoa tanini nyingi, ule ukali wa chai unaokausha mdomo, na tanini nazo hushikana na protini za maziwa. Chai ikawa kali na pH imeshashushwa na tunda, hapo umekusanya mambo mawili yanayovuta upande mmoja.

Jambo jingine ambalo watu wa mjini wanalijua bila kulipa jina ni maji. Maji yetu mengi ya Unguja yanatoka chini ya mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, ndiyo ule utandu mweupe ndani ya birika. Chokaa hiyo ikikutana na chai huleta utando juu yake na kufanya rangi ifubae. Kwa chai ya moto yenye maziwa huoni sana. Kwa chai ya baridi kwenye gilasi unaona. Kama una maji ya mvua uliyoyakinga safi na kuyachemsha, au ya chupa, tumia hayo, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Maziwa yakiwa ya kukamuliwa, yachemshe kwanza hata kama unaenda kuyanywa baridi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humwingia na mtu, pamoja na kifua kikuu. Yapoze kabisa. Kisha katika kila mililita 200 koroga vijiko viwili vya mezani vya unga wa maziwa. Si kwa ajili ya utamu: maziwa mazito yanastahimili asidi zaidi kuliko mepesi, kwa kuwa yana vitu vingi vya kuimeza hiyo asidi kabla pH haijashuka.

Kuchanganya kuna utaratibu wake, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapokosea. Kila kitu kiwe baridi. Changanya chai na maziwa kwanza, kisha tunda liingie mwisho, kijiko baada ya kijiko, huku unakoroga. Usiweke tunda chini ukamimina maziwa juu yake kwa ajili ya picha, kwa sababu yale maziwa ya mwanzo yanakutana na asidi yote peke yake na yanakatika kabla ya wenzao kufika. Tunda lifuate maziwa. Barafu ya mwisho.

Na pesheni? Pesheni na maziwa ya ng'ombe nimeshaacha kuzilazimisha. Badala yake natumia tui. Nilipofikiria vizuri niliona jibu lilikuwa kwenye vyungu vyetu siku zote: mchuzi wa nazi tunautia embe mbichi, ndimu au ukwaju, na ukikorogwa vizuri hauleti mabonge kama yale ya birika langu la Sikukuu. Tui lina protini chache; ukiacha maji, sehemu kubwa yake ni mafuta. Kwa hiyo pesheni tano, chuja mbegu, pika na sukari gramu 100 mpaka iwe shira, poza. Kamua nazi kwa maji ya uvuguvugu. Tui zito la kwanza lina shida yake: mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwenye barafu yanakuwa chembe ngumu mdomoni. Tumia tui la pili, jepesi, lipoze kiasi, tikisa pamoja na chai na shira kwenye chupa yenye mfuniko, kisha mimina juu ya barafu chache na unywe hapo hapo. Nanasi nalo linapendeza kwa njia hii hii. Lakini lazima lipikwe, kwa sababu nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na ukilisaga na maziwa ukaliacha nusu saa utapata uchungu. Papai lina cha namna hiyo pia. Moto wa kuchemka unakimaliza.

Chungwa na balungi zina njia ya tatu, na kwangu hii ndiyo nzuri kuliko zote. Harufu yao haiko kwenye maji yao, iko kwenye mafuta ya ganda, na ganda halina ukali wa kukata maziwa. Menya utepe mwembamba wa juu tu, bila ule weupe wenye uchungu, utie kwenye chai ya moto pamoja na majani na kijiti cha mdalasini, dakika tano. Ukitia maziwa baadaye, hata ya moto, hayatikisiki. Bibi hunywa hii, ya moto, bila barafu, na anasema ndiyo chai.

Zile punje nyeusi za kutafuna zinazotiwa kwenye chai za mrija mnene, zilizoanzia Taiwan miaka ya 1980, ni wanga wa muhogo tu. Unga wa kawaida wa muhogo haufai, una nyuzi na hauvutiki. Chukua muhogo mtamu, si ule mchungu, ukwangue, uoshe kwa maji mengi ndani ya kitambaa, kamua, na yale maji yaache yatulie saa kadhaa. Kinachokaa chini, cheupe na kigumu kama chokaa, ndicho wanga. Mwaga maji, ukaushe juani. Gramu 100 za wanga, mimina shira ya sukari guru inayochemka kama mililita 60, kanda upesi ukiwa bado moto, viringa vipunje, chemsha dakika ishirini mpaka viwe laini na vya kung'aa, kisha viloweke kwenye shira iliyobaki. Mikono itaungua kidogo na nusu saa nzima itakwenda kwenye kuviringa, kwa hiyo waite watoto wakusaidie. Watoto wadogo wa chini ya miaka mitano wasaidie kuviringa lakini wasipewe kula, vinateleza na kukaba koo.

Rojo la embe linakaa kwenye friji siku tano ndani ya chupa ya kioo iliyochemshwa. Punje za muhogo hazikai, kesho yake zinakuwa ngumu kama vifungo. Chai iliyokwisha kuchanganywa na tunda inywe siku ile ile.