Je, wajua kwa nini ugonjwa wa Chagas huharibu moyo wa mmoja na kumwacha ndugu yake?

Mwaka 1909, katika mji mdogo wa Lassance nchini Brazil, daktari Carlos Chagas aligundua ugonjwa ambao leo unabeba jina lake. Huletwa na Trypanosoma cruzi, kimelea cha ukoo mmoja na kile cha malale. Mdudu anayekieneza hujificha kwenye nyufa za kuta za udongo, na usiku hutoka kunyonya damu, mara nyingi usoni, ndiyo maana Wabrazil humwita barbeiro, yaani kinyozi. Akishiba hunya papo hapo. Aliyelala akijikuna, kinyesi chenye vimelea huingia kidondani au jichoni.

Sasa fikiria ndugu walioumwa na mdudu huyo katika chumba kimoja. Kati ya kila 10 wanaobaki na kimelea, hadi 3 moyo wao huharibika, tena baada ya miaka 10 hadi 30. Waliobaki wengi huzeeka nacho salama.

Kipande cha moyo ulioharibika kikiwekwa chini ya hadubini, vimelea huonekana kwa shida. Kinachojaa machoni ni seli za kinga, zimejipenyeza kati ya nyuzi za misuli, na makovu pale misuli ilipokufa. Kovu halipitishi umeme wala halikazi. Tawi la kulia la njia ya umeme wa moyo huziba, na ncha ya ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, huweza kukonda ikatuna kama puto. Damu huganda humo, na donge likichomoka likafika ubongoni, ni kiharusi.

Kwa hiyo jawabu tulitafute pia kwenye namna mwili unavyopigana. Interferoni gama na TNF, protini ambazo seli za kinga hutoa, ni silaha za lazima dhidi ya kimelea, lakini zikifyatuliwa miaka na miaka huumiza mitokondria, vinu vya nishati vya seli za moyo. Hapo jeni huanza kutofautisha watu.

Tazama jeni ya TIRAP. Hutengeneza protini inayopeleka taarifa ya uvamizi ndani ya seli. Kuna aina yake ambamo asidi amino (tofali la protini) moja tu, ya 180, imebadilika: serini imekuwa leusini. Nchini Brazil, waliorithi nakala moja ya kawaida na moja iliyobadilika walionekana kuugua moyo kwa nadra zaidi. Taarifa hupita, ila kwa sauti ya chini. Katika familia nyingine, hitilafu adimu za jeni ya DHODH, ambayo kimeng'enya chake hukaa kwenye mitokondria, zilikutwa kwa wagonjwa wa moyo.

Hakuna jeni moja inayoamua. Tafiti nyingi zilikuwa na watu wachache, na Wabrazil wana asili ya Afrika, Ulaya na wenyeji wa Amerika. Usipozingatia mchanganyiko huo, tofauti ya asili huonekana kama tofauti ya ugonjwa.

Ndiyo maana kipimo cha jeni hakitumiki kumchagua wa kutibiwa. Benznidazole, dawa ya kuua kimelea inayotumiwa kwa kawaida siku 60, hufaa zaidi mapema, hasa kwa watoto. Utafiti wa BENEFIT wa 2015, wenye wagonjwa 2,854 ambao mioyo yao ilikwishaathirika, ulionyesha kuwa dawa ilipunguza vimelea kwenye damu lakini haikuzuia moyo kuendelea kudhoofika. Mwenye kimelea asiye na dalili hupimwa ECG, yaani mwenendo wa umeme wa moyo, kila mwaka au miwili, na mabadiliko yakitokea hufuata ekokadiografia, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.