Tume ya jiji: mfumo uliozaliwa na kimbunga cha Galveston

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye umri wa kukumbuka, akisikia "Tume ya Jiji", humjia mwaka 1996, pale serikali ilipolivunja baraza la jiji na kumkabidhi Charles Keenja na wenzake kazi hadi 2000. Mwenzake wa Nairobi hukumbuka 1983, baraza la huko liliposimamishwa na tume ikakalia kiti chake mpaka 1992. Zote mbili zilikuwa tume za kuteuliwa, za kushikilia mahali pa madiwani. Tume ninayoieleza hapa ni ya Marekani ya mwanzo wa karne iliyopita, na haikukusudiwa kushikilia mahali pa mtu. Ilikuja kulifuta baraza moja kwa moja.

Kwa maneno machache: mfumo wa tume ni uendeshaji wa mji ambamo watu wachache, kwa kawaida watano, huchaguliwa na mji mzima, na kila mmoja wao ni diwani na mkuu wa idara kwa wakati mmoja. Wakikaa mezani hutunga sheria ndogo, hupitisha bajeti na kuamua zabuni apewe nani. Wakinyanyuka, huyu anakwenda kusimamia maji, yule polisi, yule barabara. Mtunga sheria ndiye mtekelezaji. Meya yumo miongoni mwao na ndiye mwenyekiti wa kikao, lakini kura yake ni moja kama ya mwenzake.

Uliundwa Galveston, Texas, mji wa bandari uliokaa juu ya kisiwa chembamba cha mchanga katika Ghuba ya Meksiko. Sensa ya 1900 ilihesabu watu 37,789. Pamba ya Texas ilishuka hapo kwa reli na kupakiwa melini, na wenye pamba, benki na maghala ndio waliokuwa na sauti. Mji ulikuwa na meya na baraza la madiwani, kama miji mingi ya nchi ile, na kama miji mingi ya nchi ile ulikuwa na madeni. Biashara ya baraza ilikwenda kwa kamati: mtaro ukiziba, malalamiko yanafikishwa kwa diwani, diwani analeta hoja, hoja inapelekwa kamatini, kamati inarudisha ripoti kikao kijacho, au kile cha baadaye.

Tarehe 8 Septemba 1900 bahari iliingia mjini. Sehemu ya juu kabisa ya mji haikufika mita 3 kutoka usawa wa bahari, na maji yalipanda zaidi ya mita 4 na nusu. Nyumba zaidi ya 3,600 zilibomoka. Waliokufa hukadiriwa kati ya 6,000 na 8,000, wapo wanaosema zaidi. Hakuna janga la asili lililoua Wamarekani wengi kuliko hilo.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipoingia na mpango wao. Tangu miaka ya 1880 walikuwa na kundi lao, Kamati ya Maji Marefu, lililoundwa kuishawishi serikali ya Washington ichimbe mlango wa bandari ili meli kubwa ziingie. Sasa kundi hilo likageukia mji wenyewe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kampuni haiendeshwi na umati wa madiwani wa mitaa, ina bodi ndogo, na kila mkurugenzi ana sehemu yake ya kujibu. Basi mji uwe hivyo. Mwaka 1901 bunge la jimbo likapitisha katiba mpya ya mji. Meya akaitwa pia rais wa bodi, na chini yake makamishna wanne: wa fedha na mapato, wa maji na majitaka, wa barabara na mali za umma, wa polisi na zimamoto. Wa fedha alikuwa I. H. Kempner, aliyekuwa mtunza hazina wa mji kabla ya hapo, na ambaye hakuacha biashara zake za familia kwa sababu ya ukamishna. Hilo halikuwa kasoro machoni pao. Kamishna wa Galveston hakutarajiwa kushinda ofisini. Alikuwa wa kuelekeza, na maofisa wa kuajiriwa wakafanya.

Kuna kipengele ambacho sifa za mfumo huu hukipita haraka. Katika mpango wa mwanzo, watatu kati ya watano waliteuliwa na gavana wa Texas na wawili tu ndio waliopigiwa kura. Yaani wengi wao walitoka juu, na hapo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1903 mahakama ya rufaa ya jinai ya jimbo ikasema jambo hilo linapingana na katiba ya Texas. Bunge likarekebisha sheria mwaka uleule, na wote watano wakawa wa kuchaguliwa.

Je, ilifanya kazi? Kwa miaka ile ya kujenga upya, ndiyo. Tume ilipanga madeni upya na wenye hatifungani, yaani hati za mikopo ya mji, na mji ukaanza tena kulipa. Lakini ukuta wa bahari, ambao tume husifiwa kwao kila mara, haukuwa wake. Ule wa kwanza, wa zaidi ya kilomita 5 na kimo cha karibu mita 5, ulijengwa kati ya 1902 na 1904 kwa hatifungani za kaunti, dola milioni moja na nusu. Mji ulibeba kazi ya pili, kwa msaada wa kodi zilizosamehewa na jimbo: kuinua ardhi yenyewe. Nyumba ziliinuliwa kwa jeki, moja baada ya nyingine, hata makanisa ya matofali, kisha mchanga uliochanganywa na maji ya bahari ukapigwa kwa bomba chini yake. Watu waliishi miaka kadhaa wakipita juu ya vijia vya mbao. Kimbunga kikubwa kiliporudi 1915, waliokufa mjini walikuwa wachache mno.

Mmoja wa wahandisi watatu walioshauri kazi zote mbili alikuwa Henry M. Robert, jenerali mstaafu, mtu yuleyule aliyetunga mwaka 1876 kanuni za vikao ambazo mabaraza na vyama vya Marekani huzifuata hadi leo: nani aseme lini, hoja iungwe mkono vipi, akidi ni nini. Huwa nacheka kidogo nikikumbuka kwamba mtaalamu wa taratibu za vikao alikuja kuuokoa mji ambao ulikuwa umechoshwa na vikao.

Habari zilienea upesi. Houston ikaufuata mfumo huo 1905, Des Moines ya jimbo la Iowa 1907 ikiongeza kura ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake. Woodrow Wilson, rais wa Marekani wa baadaye, aliupigia debe alipokuwa gavana wa New Jersey. Kufikia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, karibu miji 500 ilikuwa nao.

Ila ubaya wake umo ndani ya maana yake. Wakuu wa idara ndio wapitisha bajeti: wa polisi anataka fedha za polisi, wa barabara anataka za barabara, na rahisi kuliko yote ni wewe kunipitishia yangu nami nikupitishie yako. Nani amkague nani? Jersey City, bandari iliyotazamana na New York, ilichukua mfumo huu ili kuwamaliza mabwana wa siasa, yaani vigogo wa chama walioushika mji mkononi, na Frank Hague akaingia 1913 kama kamishna, akashika polisi na zimamoto. Mwaka 1917 akawa meya, akabaki hadi 1947, bwana wa siasa kuliko waliomtangulia wote.

Jambo la pili ni kata. Kamishna huchaguliwa na mji mzima, kwa hiyo mtaa hauna diwani wake. Galveston yenyewe ilikwisha kuanza kuwachagua madiwani kwa kura za mji mzima tangu 1895. Kabla ya hapo, 1883, kata moja iliweza kumchagua Norris Wright Cuney, Mmarekani mweusi aliyewaongoza makuli weusi bandarini. Kwa kura za mji mzima, mtu kama yeye hupotea ndani ya wingi wa wazungu, na Texas ilipoongeza kodi ya kichwa ya kupigia kura 1902, mlango ukazidi kubana. Mobile, bandari ya Alabama, ilikuwa na tume tangu 1911. Wakazi weusi waliishtaki na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyowakatalia 1980. Waliendelea kudai, na 1985 mji ukarudi kwenye meya na madiwani wa wilaya.

Galveston iliuacha mfumo wake 1960, ikachukua ule wa baraza na meneja wa kuajiriwa, ambao kwa Tanzania unakaribia mkurugenzi wa jiji. Portland ya Oregon, bandari ya mtoni, iliung'ang'ania tangu 1913. Wapiga kura wake waliukataa Novemba 2022, na kuanzia Januari 2025 wana madiwani 12 wa wilaya nne, na idara zimo mikononi mwa meneja anayefanya kazi chini ya meya. Meya si mmoja wa madiwani tena. Huingia kupiga kura pale tu zinapofungana sita kwa sita.