Mtoto Anapofumba Mdomo Mbele ya Sahani

Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki hutueleza jambo lilelile: mtoto aliyekuwa akila kila alichopewa alipokuwa na miezi kumi, alipotimiza miaka miwili ameanza kuchagua, anataka matooke na mchuzi wa njugu tu, na akiona jani la dodo (mchicha) au mukene (dagaa) pembeni mwa sahani hufumba mdomo. Kabla ya kumlaumu mtoto, au mpishi, ni vyema kufahamu kwamba kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi hukiogopa chakula wasichokizoea. Aidha, uzito wa mtoto hufikia takriban mara tatu ya ule aliozaliwa nao anapomaliza mwaka wa kwanza, lakini katika mwaka wa pili huongezeka kwa kilo 2 hadi 3 tu, kwa hiyo hamu ya kula hupungua bila ugonjwa wowote.

Hata hivyo, jambo hili halifai kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Uganda walikuwa wamedumaa, na udumavu humpata hata mtoto anayeshiba posho (ugali wa mahindi) na muhogo kila siku, kwa kuwa vyakula hivyo hujaza tumbo lakini vina protini na vitamini A kidogo mno. Mtoto anayepungua uzito, anayepaliwa mara kwa mara anapokula, au ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 12.5, huyo asihesabiwe kuwa mchaguzi. Apelekwe kituo cha afya akapimwe.

Kwa mtoto mwenye afya, kinachosaidia ni kukionyesha chakula tena na tena. Huenda akahitaji kukiona na kukionja mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, ilhali wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne. Weka mukene mmoja, au kijiko cha chai cha dodo, kando ya chakula anachokipenda, kisha usiseme neno. Akikigusa, akakinusa, hata akakitema, amepiga hatua. Anayekula kiazi kitamu cheupe hupata kazi ndogo kuzoea kile cha rangi ya chungwa, ambacho kina vitamini A kwa wingi, hasa vikipondwa pamoja. Uchungu wa nakati na uchachu wa malakwang, ambazo ni mboga za majani, ni vita kubwa zaidi, kwani mtoto huzaliwa akipenda utamu; ndiyo maana naona akina mama wa kaskazini wanaopika malakwang kwa simsim (ufuta) au njugu iliyosagwa wametutangulia sisi wataalamu.

Kumshika mtoto kwa nguvu humfanya akichukie chakula chenyewe, na kumwahidi soda akimaliza mboga humfundisha kwamba mboga ni adhabu. Mzazi aamue kitakacholiwa na saa ya kula. Kiasi aachiwe mtoto. Lakini aje mezani na njaa. Aliyekunywa chai ya maziwa kwa mandazi saa tano hawezi kutamani maharagwe saa saba, na chai hiyo, ikinywewa karibu na mlo, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Unga wa mukene unaokorogwa ndani ya uji nauunga mkono, kwa sababu huupa mwili protini na madini ya chokaa. Hata hivyo ulimi wa mtoto haujifunzi kitu asichokijua kuwa amekila, kwa hiyo siku uji unapotiwa unga huo, mukene mzima nao uonekane kwenye sahani ya jioni, na kaka yake aketi karibu akiutafuna.