Je, wajua kwa nini nchi yenye vijana wengi wasio na kazi hukosa mafundi?

Tangazo la kazi limekaa mlangoni miezi sita: anatakiwa fundi umeme mwenye uzoefu wa miaka mitano. Kila asubuhi vijana wenye vyeti hupita mbele ya mlango huohuo wakitafuta kazi. Mwajiri analalamika kwamba hapati watu. Vijana wanalalamika kwamba hawapati kazi. Wote wawili wanasema kweli. Inakuwaje?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba shule hazifundishi kinachotakiwa. Lipo neno hapo, lakini lisome tena tangazo lile. Uzoefu wa miaka mitano unapatikana wapi? Shuleni haupo. Upo kazini, na mwajiri aliyeandika tangazo hilo ndiye angeweza kuutoa. Kila mmoja anamtaka fundi aliyekwisha kuiva, na ni wachache walio tayari kukaa jikoni.

Mtazame kijana anayejifunza kuchomelea vyuma. Darasani anafundishwa kiwango cha umeme, aina za vijiti vya kuchomelea, na kwamba ncha ya kijiti isikae mbali na chuma. Anaandika yote na anafaulu. Siku ya kwanza anaposhika mashine, kijiti kinanasa. Akikivuta nyuma, cheche zinaruka na mshono unajaa matundu. Fundi aliyesimama kando wala haangalii, anasikiliza. Kijiti kikiwa umbali unaofaa, sauti hutoka mfululizo kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Kikienda mbali, sauti hubadilika na kukatikakatika. "Sogeza," fundi anamwambia, kabla kijana mwenyewe hajajua kwamba amekosea.

Sikio la namna hiyo halijengwi na mtihani. Linajengwa na mamia ya saa za kuharibu chuma mbele ya mtu anayejua, na saa hizo zina gharama: chuma, umeme, na muda wa fundi ambaye angekuwa anamalizia kazi ya mteja. Hapa ndipo kiini cha uhaba kilipo. Nani anailipa gharama hiyo?

Mwaka 1964 mwanauchumi wa Marekani, Gary Becker, alilichambua swali hili. Ujuzi unaofaa kiwanda kimoja tu, mwenye kiwanda atakubali kuulipia. Ujuzi unaofaa popote huondoka na mwenye nao. Ukimfundisha kijana miaka mitatu, jirani yako ambaye hakutumia hata senti anaweza kumpandishia mshahara kidogo akamchukua. Basi kila mwajiri anangoja mwenzake afundishe, na mwisho hafundishi mtu. Siwaoni waajiri hao kuwa wachoyo. Hesabu yao ni sahihi kwa kila mmoja wao peke yake, ila inaiumiza nchi nzima.

Tatizo hili ni la zamani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1563 iliyomtaka anayejifunza ufundi akae chini ya bwana wake miaka saba. Miaka ya mwanzo mwanagenzi alikuwa mzigo. Miaka ya mwisho, akiwa tayari anaweza kazi lakini bado amefungwa na mkataba, alirudisha alichogharimu. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1814. Kumfunga mtu miaka saba ni jambo zito na hakuna haja ya kulirudisha, lakini lilikuwa na jibu kwa swali la nani analipa.

Ujerumani ililijibu kwa njia nyingine, na hapa inafaa tukae kidogo. Chini ya sheria ya mwaka 1969, mwanagenzi husaini mkataba na kampuni, hulipwa posho, hufanya kazi siku tatu au nne kwa wiki na kwenda chuo cha ufundi siku moja au mbili. Kazi zinazofundishwa hivyo ni zaidi ya 300, na mafunzo ya fundi umeme huchukua miaka mitatu na nusu. Kampuni moja haiwezi kujitungia mtaala wa kumfaa yenyewe tu. Mtihani husimamiwa na jumuiya za wafanyabiashara na mafundi, ambazo kampuni inalazimika kisheria kuwa mwanachama wake, na cheti kinakubalika nchi nzima. Kwa kuwa kampuni nyingi zinafundisha, ile inayompoteza kijana mmoja inaweza kumpata mwingine aliyeiva kwa jirani. Nchini Uswisi, ambako karibu theluthi mbili ya vijana hufuata njia ya ufundi, kampuni nyingi hurudishiwa gharama zao na kazi ya mwanagenzi kabla hajamaliza mafunzo. Isitoshe, kijana wa Uswisi aliyeanzia karakana anaweza kuendelea hadi chuo kikuu cha ufundi. Mzazi akijua hivyo, haoni kwamba kumpeleka mwanawe kwenye ufundi ni kumfungia mlango.

Fedha peke yake haitoshi. Mwaka 2017 Uingereza ilianza kuwatoza waajiri wenye malipo ya mishahara yanayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka asilimia 0.5, ili fedha hiyo igharimie uanagenzi. Mwaka mmoja baadaye, wanaoanza uanagenzi katika England walishuka kutoka karibu 495,000 hadi karibu 376,000. Sehemu ya fedha ilikwenda kuwasomesha uongozi wafanyakazi waliokwisha kuajiriwa. Kijana wa nje ya mlango alibaki nje ya mlango.

Halafu kuna suala la muda, ambalo wanasiasa hulipita mbio. Mishahara ya wahandisi ikipanda leo, vijana hukimbilia uhandisi leo, lakini watamaliza miaka minne au mitano baadaye, wote kwa pamoja. Soko linafurika, mishahara inashuka, wanaofuata wanaikimbia fani, na baada ya miaka michache uhaba unarudi.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi hutazama nje. Mhamiaji huja akiwa amekwisha kufundishwa, kwa gharama ya mtu mwingine. Kanada ilianza mwaka 1967 kuwapima waombaji kwa alama za elimu, umri, lugha na ujuzi. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba wa kuleta wafanyakazi na Italia mwaka 1955, kisha na Uturuki mwaka 1961, ikidhani watafanya kazi miaka michache na kurudi kwao. Mamilioni walikuja, wengi wakabaki, na kwa miaka mingi hakukuwa na mpango wa maana wa kuwafundisha lugha wala wa kuwasomesha watoto wao.

Hata leo linaloniuma zaidi ni vyeti. Muuguzi mwenye miaka kumi wodini anafika nchi inayolilia wauguzi, kisha anasafisha sakafu za hospitali huku karatasi zake zikizunguka ofisini. Wagonjwa wanamhitaji, yeye yupo mita chache kutoka kitandani, na haruhusiwi kushika sindano. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2012 ilimpa mtu aliyesomea nje haki ya kudai cheti chake kilinganishwe na cha huko. Ni hatua kubwa, ingawa kazi ya kuandaa nyaraka, kuzitafsiri na kusubiri majibu bado ni ndefu.

Tena muuguzi huyo ametoka mahali fulani, na wodi aliyoiacha imepungukiwa. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kanuni za hiari kwamba nchi zisiende kuajiri kwa bidii mahali penye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Ningependa kanuni hizo zingekuwa na meno. Nchi inayomchukua muuguzi wa mwenzake ingechangia walau kumsomesha atakayeshika nafasi yake.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Katika nchi nyingi zenye uhaba, mafundi waliobobea wanakaribia kustaafu, na fundi akiondoka bila mwanafunzi, kijana wa kesho anakosa hata mtu wa kumsikilizia sauti ya kijiti. Mtihani wa fundi mkuu wa Ujerumani una sehemu nne, na moja kati ya hizo inapima kama anajua kufundisha. Anayeshindwa hiyo hapati hati, hata akiwa hodari kiasi gani katika kazi yenyewe.