Kiwewe cha kujifungua: dhana potofu zinazowafunga mdomo mama, baba na mkunga

Dhana: Mama mzima, mtoto mzima, basi yamekwisha

Hii ndiyo inayosemwa kuliko zote, tena na watu wenye mapenzi ya kweli: "Shukuru Mungu, mmetoka salama." Anayeambiwa hivyo hana la kujibu. Akisema bado anaumia, ataonekana hana shukrani, kwa hiyo ananyamaza.

Kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, hupimwa kwa yale aliyoyapitia mwenyewe. Je, alidhani anakufa? Aliita asiitikiwe? Mtoto alichukuliwa bila yeye kuambiwa anapelekwa wapi? Uzazi ulioandikwa kwenye faili kuwa wa kawaida unaweza kuwa ndio usiku mbaya kuliko yote maishani mwake. Mwingine anapasuliwa kwa dharura na kutoka ametulia, kwa sababu kila hatua alielezwa na kuna mtu hakumwachia mkono.

Hata wataalamu walichelewa kulikubali hili. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 1980, ulitaka tukio la kiwewe liwe nje ya mambo ya kawaida ya binadamu. Kuzaa ni jambo la kawaida, kwa hiyo mzazi aliachwa nje. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1994. Leo tafiti zinakadiria kuwa wanawake wapatao 4 kati ya 100 hupata maradhi kamili ya mfadhaiko wa baada ya kiwewe wakishajifungua, na miongoni mwa walio katika hatari kubwa, kama waliopata matatizo mazito ya ujauzito, idadi hupita 15 kati ya 100.

Dhana: Hiyo ni sonona tu ya uzazi

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na kiwewe huweza kuja pamoja, lakini kila kimoja kina dalili zake. Mwenye kiwewe hurudiwa na tukio lenyewe: ndoto, harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, mlio wa mashine. Anakwepa njia inayopita hospitali. Anaruka tarehe za kliniki. Mtoto akilala yeye halali, amekaa anamtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, linalotumika sehemu nyingi, lilitengenezwa kupima sonona, na mama anaweza kulipita vizuri huku usiku anarudi leba ndotoni. Ni bora aulizwe waziwazi: "Ile siku inakurudia?" Dalili zikipita mwezi mmoja, anahitaji msaada wa kitaalamu.

Dhana: Baba hakuumia popote

Baba alikuwepo akiona damu, au alitolewa nje na mlango ukafungwa. Mara nyingine alikabidhiwa kichanga hali hajui kama mama yake yu hai. Kushuhudia mpendwa wako akikaribia kufa ni kiwewe kinachotambulika kitabibu.

Wengi hujikaza. Wanazama kazini, wanakuwa wepesi wa hasira, hawataki kusikia habari za mtoto wa pili. Ndani ya nyumba wanabaki watu wawili wenye hofu ileile, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasahau. Tendo la ndoa linaogopwa, na siku ya kuzaliwa mtoto, ambayo wengine wanaisherehekea, kwao ni siku nzito. Bibi au dada aliyemsindikiza mzazi naye huenda akabeba mzigo huohuo, na mara chache sana huulizwa.

Dhana: Wakunga wameshazoea

Hapa ndipo ninapoona tunakosea zaidi. Mkunga anampoteza mama, anabadilisha glavu, anaitwa chumba cha pili ambako mwingine ameanza kusukuma. Hakuna aliyemuuliza lolote. Mwaka 2000 daktari Albert Wu alimwita mhudumu wa namna hii mwathirika wa pili, baada ya mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaojilaumu kwa miaka, wapo wanaoomba kuhamishwa wodi, wapo wanaoacha kazi.

Wengine hubaki kazini lakini wanakuwa wakavu: hawasalimii, hawaelezi, wanafanya harakaharaka. Kisha mama anayefuata anakuja kuusimulia ukavu huo kama jeraha lake. Simtetei anayetukana au kumpiga mzazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 kupinga udhalilishaji wa wanaojifungua, na sawasawa kabisa. Lakini wodi isiyowatunza wakunga wake huendelea kuzalisha majeraha mapya.

Dhana: Mkalishe asimulie yote, yatamtoka

Kumlazimisha mtu asimulie tukio zima mara tu baada ya kutokea hakumkingi na maradhi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inashauri njia hiyo isitumike. Siku za mwanzo anahitaji usingizi, mtu wa kumpokea mtoto, na majibu ya kweli pale anapouliza mwenyewe. Maradhi yakithibitika, zipo tiba zinazofaa: tiba ya kubadili fikra na tabia inayolenga kiwewe, na ile inayotumia miondoko ya macho. Zinaweza kusaidia hata miaka ikiwa imepita.

Na mimba nyingine ikiingia, amweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza kilichotokea na asichotaka kirudiwe: kwa mfano, asipimwe njia bila kuambiwa kwanza, asiachwe peke yake, mwenza wake asitolewe nje bila sababu. Aombe yaandikwe kwenye kadi, kwa sababu siku ya uchungu huenda akapokewa na mtu mwingine kabisa, naye hatakuwa na nguvu za kuanza kueleza upya.